Pipi Isiyojua Kungoja

Shida zangu zilianza mwaka 1982, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini sikuuhesabu kuwa shida; mtaani kwetu Bukavu sote tulikuwa nao, kama mafua. Mwaka huo askari walimchukua mume wangu. Alikuwa dereva wa lori, hana siasa yoyote zaidi ya kuzitukana barabara. Walimchukua asubuhi akinywa chai, na hakurudi. Baadaye wakaja tena, safari hii kuniuliza mimi yuko wapi, kana kwamba si wao waliomchukua. Nikaona hapa hakuna kukaa. Nikamfunga binti yangu kitambaa kichwani, tukashuka hadi Uvira, tukavuka mpaka na kuingia Bujumbura kwa mdogo wangu, aliyeolewa na fundi baiskeli wa huko.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Ndiye mtoto pekee niliyejaliwa.

Shule niliacha darasa la tatu. Nasema mapema ili anayetafuta maneno makubwa aende akayatafute kwingine. Haya nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu, na aliyeyapiga chapa nimemkataza kuyapamba.

Kulikuwa na muuguzi mmoja wa Kiswidi, mmisionari, ambaye niliwahi kumpikia. Yeye ndiye aliyenihangaikia mpaka nikapata ruhusa ya kuja Uswidi. Ruhusa ilikuwa ya mtu mmoja. Kila mtu aliniambia nenda kwanza, mtoto atafuata. Muuguzi alisema hivyo, mdogo wangu alisema hivyo, mchungaji naye akasema na kuongeza sala. Mimi pia nilijiambia hivyo. Siku ya kuondoka mtoto hakulia. Alinishika kidole akaniuliza, "Mama, huko kuna pua?"

Nikamwambia, "Zipo. Na kama hazipo nitazitengeneza. Ukishuka tu kwenye ndege, unakuta pua."

Sasa nieleze pua ni nini, maana hapa msomaji anaweza kudhani mtoto alikuwa na homa.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na minne katika nyumba ya mama mmoja wa Kibelgiji pale Bukavu. Tulimwita Madamu. Mume wake alikuwa na duka la dawa. Madamu alizaliwa Ghent, na huko Ghent kuna pipi ya kwao, ya rangi ya zambarau iliyoiva, imechongoka juu na pana chini, kama pua ya mtu aliyelewa. Jina lake la dukani ni cuberdon, lakini Madamu aliziita pua, na sisi jikoni tukaziita pua. Ukiishika ni ngumu kidogo. Ukiing'ata, ganda linavunjika na ndani unakutana na shira nzito ya matunda inayokumwagikia mpaka kidevuni. Mtoto anayekula pua hawezi kuficha.

Madamu alipanda rasiberi uani kwake, na baridi ya Bukavu iliziotesha vizuri. Mimi ndiye niliyezichuma, nikazichemsha, nikazichuja. Unachanganya na sukari nyingi na utomvu wa mgunga uliolowekwa tangu jana yake. Huo utomvu ndio siri. Bila huo unapata uji. Unachukua trei ya mbao, unaijaza wanga mkavu wa mahindi, unaulainisha juu kwa rula, halafu unaukandamiza kwa kijiti kilichochongwa mfano wa pua. Kila ukikandamiza unabaki na shimo. Unamimina shira ya moto ndani ya mashimo, unanyunyizia wanga juu, unazipeleka kwenye chumba chenye joto na ukavu, unafunga mlango na unaacha. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwenye kuacha. Ukizigusa mapema zinapasuka. Sukari inaanza kuganda nje na kuingia ndani taratibu. Likishapatikana ganda la kutosha unazitoa, unazifuta wanga kwa brashi laini, moja moja.

Na hazikai. Hili lishikwe, maana ndilo lililoniumiza. Ganda halisimami. Linaendelea kula ndani kila siku, na baada ya wiki tatu hivi pua yote imekuwa jiwe la sukari, haina tena shira. Ndiyo maana Wabelgiji wenyewe hawazisafirishi mbali. Ni pipi ya kula ukiwa karibu na aliyeipika.

Nilimuuliza Madamu zilitoka wapi. Akasema zamani kule Ghent alikuwepo mwuza dawa, na enzi hizo dawa chungu ziliwekwa kwenye shira ili watu wazimeze. Siku moja akasahau chombo cha shira kwenye kona. Aliporudi akakuta nje kumeganda na ndani bado kunatiririka. Dawa imeharibika, pipi imezaliwa. Mume wake, ambaye alitoka upande wanaosema Kifaransa, alisikia akiwa barazani akasema huo ni uongo: aliyeianzisha alikuwa padri, na pipi ile ni mfano wa kofia ya padri, si pua. Basi waligombana. Kila nikipika waligombana hivyo hivyo, mwuza dawa, padri, mwuza dawa, padri, na wote wawili hawakuwahi kushika mwiko.

Siku nyingine nikauliza, "Na huu utomvu unatoka Ghent?"

"Hapana. Sudani."

"Basi Madamu, hii pipi ni ya Sudani na ya Ghent."

Akaniangalia. Akasema, "Koroga."

Nilifanya kazi pale hadi wao wenyewe walipofungasha na kurudi kwao. Zile zilizopasuka niliruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Binti yangu alikulia kwenye pua zilizopasuka. Alikuwa akiweka moja juu ya pua yake halisi na kutembea nyumba nzima bila kuiangusha, halafu anaila. Baba yake akimuuliza, "Umekula nini?" anajibu, "Sijala kitu," na kidevu chake chote kimekuwa zambarau.

Hiyo ndiyo pua aliyoniuliza.

Nilifikia Märsta, karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, na kazi niliyopata ikawa kusafisha uwanja huo huo. Walinipanga upande wa wanaowasili. Wenzangu walisema nina bahati, upande ule una joto. Nilipiga deki pale ambapo watu wanakumbatiana. Ndege ikitua, mlango unafunguka, watoto wanatoka wakikimbia na mabegi mgongoni, na mimi nazungusha deki kuwapisha. Kila siku ya Mungu nikajua mahali hasa ambapo mtoto wangu angetokea. Nilikuwa nikipasugua zaidi.

Majira ya joto ya mwanzo nilipita msituni nyuma ya nyumba zetu nikaona rasiberi zimejiotea zenyewe, hazina mwenyewe, na watu wanapita. Nikadhani ni mtego. Nilimuuliza rafiki yangu wa kazini, mama mmoja Mganda aliyekuja kama mkimbizi zamani za mauaji ya kwao, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupasua mbao. Akasema, "Chuma tu, dada. Hapa msitu ni ya watu wote. Mimi kwanza niliogopa pia, nilichuma nikiangalia polisi."

Nikachuma ndoo, nyingine nikazigandisha za kutumia mwaka mzima. Utomvu niliupata mjini, katika duka la wachoraji, maana wao huuchanganya na rangi. Kijiti cha pua nilichonga mwenyewe kutoka mguu wa kiti. Kilichobaki ni chumba.

Nyumbani kwangu hapakufaa. Jiko la vyumba vya kupanga linatoa mvuke, na pua inaogopa mvuke kama paka anavyoogopa maji. Nilijaribu kabatini, zikalia. Yaani ganda linatoa jasho. Ndipo siku moja niko chini ya jengo, kwenye chumba cha pamoja cha kufulia, nikafungua mlango wa pembeni, chumba cha kukaushia nguo. Joto kavu lilinipiga usoni. Nilisimama pale nikasema kwa sauti, peke yangu, "Madamu, njoo uone." Hata yeye hakuwa na chumba kama kile.

Utaratibu wao ni huu: ukutani kuna ubao wenye siku na saa, na kila nyumba ina kufuli ndogo yenye namba. Unatia kufuli kwenye saa yako, na saa hizo hakuna wa kukugusa. Mswidi anaweza kukusamehe mambo mengi, lakini zamu ya kufulia hapana. Mimi nikatia kufuli yangu, lakini sikuweka nguo. Niliweka trei. Na kwa sababu pua zinataka muda kuliko zamu moja, nilizipandisha juu ya mabomba ya joto, karibu na dari, nikidhani nguo za watu zikining'inia chini hazitazionea wivu.

Nguo mbichi zilitoa mvuke, pua zikalia. Na wanga ukashuka taratibu kama unga wa ngano juu ya suruali nyeusi za watu.

Mama mmoja Mswidi wa ghorofa ya kwanza, mjane mstaafu, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka kama ufagio, alibandika karatasi mlangoni. Sikuisoma, Kiswidi cha kuandikwa nilikuwa sikijui. Akabandika nyingine yenye mistari chini ya maneno. Nayo sikuisoma. Mwisho ikambidi afanye jambo ambalo nadhani hakuwahi kulifanya maishani mwake: akapanda ngazi akagonga mlango wa jirani.

"Ni wewe unayeweka unga kwenye chumba cha kukaushia?"

"Si unga. Ni wanga."

"Chumba kile ni cha nguo."

"Nguo zina jua. Hii haina pengine pa kwenda."

"Ni nini hii?"

Nikaenda jikoni nikamletea moja. Akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeokota mende. Akaing'ata akiwa amesimama mlangoni, shira ikamwagikia kwenye kola nyeupe. Akajiangalia. Nilidhani ataniitia polisi. Akauliza, "Ni ya nani?"

Kwa Kiswidi changu kibovu nikamwambia ni ya mtoto wangu anayekuja.

Akasema, "Usiweke juu ya mabomba. Zinapata joto chini na baridi juu. Chukua saa zangu za Jumatano, mimi sina nguo nyingi." Akaondoka. Ndivyo tulivyojuana.

Niliambiwa mtoto atakuja kabla ya Krismasi ya 1983. Nikapika. Pua zikatoka safi, nikazipanga kwenye sanduku la bati. Kisha ikaja habari kwamba picha ya mtoto haikukubaliwa. Nikangoja, pua zikawa mawe. Nikazigawa kazini. Mwaka uliofuata nikaambiwa masika, nikapika. Likazuka la pasi, kwa kuwa mtoto ni wa Zaire na yuko Burundi, na kila ofisi ilisema ni kazi ya ofisi nyingine. Zikawa mawe. Nikapika tena. Wenzangu wa kazi walizoea. Wakiniona na sanduku hawakuuliza tena kama mtoto amefika. Walichukua na kutafuna.

Yule rafiki yangu Mganda alinikalia kitako siku moja kwenye chumba cha mapumziko. "Dada, wewe unapika pilau ya harusi na bwana harusi hajazaliwa. Nunua chokoleti, weka kabatini. Siku atakuja, utampa. Mtoto ni mtoto."

Nikamwambia, "Aliniuliza pua. Hakuniuliza chokoleti."

"Aliuliza akiwa na miaka saba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimenyamaza. Lete hizo za mawe, mimi bado niko na meno."

Alikuwa na haki, na mimi nilijua. Mdogo wangu alikuwa akimpeleka mtoto posta Bujumbura, wakanipigia simu. Mara za mwanzo mtoto aliuliza, "Mama, pua zipo?" Nikamwambia zipo. Mara moja aliniuliza kama zina rangi ile ile. Halafu sauti ikaanza kubadilika, ikawa ya chini, ya adabu, sauti ya mtu anayezungumza na mgeni. Alinijibu "ndiyo mama" na "hapana mama." Alipofika miaka kumi hakuuliza pua tena. Aliuliza kama ningeweza kumtumia viatu vyeusi vya shule vyenye kamba. Nilivituma. Lakini niliendelea kupika pua. Mtu anaweza kusikia jambo na akaendelea na shughuli yake.

Mwaka 1986, mwanzo wa kiangazi, ruhusa ikatoka. Safari hii ilikuwa kweli. Nilishika tiketi kwa mikono yangu. Angesindikizwa na mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi. Nilikwenda kwa msimamizi wetu wa kazi nikamwambia siku hiyo sitapiga deki, nitasimama na wanaongoja. Akanipa siku. Nikachonga vijiti vipya, nikapika nyingi kuliko wakati wowote, kwa sababu nilitaka mtoto ale, na darasa lake jipya lile, na jengo zima lile. Mjane wa ghorofa ya kwanza alinipa zamu zake zote za wiki na akaenda kubadilishana na majirani wengine ili chumba kisiingie nguo hata moja. Aliwaambia, nilikuja kusikia baadaye, kwamba kuna mtoto anakuja na asiyetaka kubadilishana aje azungumze naye yeye. Hakuna aliyekwenda.

Siku yenyewe simu ililia asubuhi, navaa viatu vya kwenda kumpokea. Alikuwa shemeji yangu, yule fundi baiskeli.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri. Kuna nini?"

"Baridi imepungua?"

Mtu hakupigii simu kutoka Bujumbura kwa pesa yake akaulizia baridi. Nikamwambia, "Sema."

"Kaa kwanza, shemeji."

"Nimekaa." Nilikuwa nimesimama.

"Mtoto alipatwa na homa. Tukadhani malaria. Shingo ikakakamaa. Tulimkimbiza hospitali, wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Walijitahidi, shemeji. Walijitahidi."

"Sema."

"Ametutoka. Tumemzika jana. Hatukuweza kungoja, joto hili unalijua."

Nyuma yake nilimsikia mdogo wangu akilia, halafu simu ikakatika, kama simu za Bujumbura zilivyo. Sikujaribu kupiga.

Sijui nilikaa vipi asubuhi ile. Ninachokumbuka ni kwamba ilipokaribia saa sita nilikumbuka zamu inaisha. Baada yangu alikuwa mtu mwingine wa jengo, na zamu ni zamu. Nikashuka. Nikafungua mlango, joto likanipiga. Pua zilikuwa tayari. Sijawahi kupata nzuri kama zile, kabla wala baada. Nikaketi sakafuni na trei mapajani, nikaanza kufuta wanga kwa brashi.

Mjane akaingia, alikuja kuona zimetokaje. Akasema, "Zimekubali. Anafika saa ngapi?"

Nikamwambia, "Hafiki."

"Ndege imeahirishwa?"

"Hapana. Amekufa."

Aliniangalia kuona kama nimekosea neno, kwa sababu Kiswidi changu kilikuwa na makosa mengi. Akaona sijakosea. Alikaa sakafuni na sketi yake ya pasi, magoti yake yakalia, akachukua brashi ya pili. Tulizifuta zote. Alipoingia mwenye zamu na kapu lake, mjane alimwambia kitu kimoja tu kifupi, yule akarudi alikotoka.

Habari zikasambaa. Kwetu msiba hauhitaji mwaliko. Jioni na siku zilizofuata nyumba yangu ya vyumba viwili ilijaa watu: Wakongo, Waganda, Wakenya, Watanzania, wengine kutoka Kista, wengine kutoka Hässelby kwa treni mbili. Wakristo waliomba, Waislamu nao wakaomba. Wanaume walikaa roshani wakizungumza mpira kwa sauti ya chini. Wanawake walishika jiko. Mjane alileta keki ya mdalasini, akakaa kwenye kiti karibu na mlango bila kuelewa neno hata moja, na hakuondoka mapema.

Pua nilizipanga kwenye mabeseni katikati ya sebule. Hakuna aliyegusa. Walijua zilikuwa za nani. Nikasema, "Kuleni."

Rafiki yangu Mganda akasema, "Dada, tutakula baadaye."

"Hakuna baadaye. Hizi hazikai. Kuleni."

Wakala. Sebule nzima ya watu wazima, na shira zinawatoka mdomoni, na machozi, wanapangusa vyote kwa leso moja. Mimi niliwatazama. Sikula.

Alikuwepo kijana mmoja Mtanzania, aliyekuja kama mwanafunzi wa ufundi akabaki, akifanya kazi kwenye ofisi mojawapo ya Kista. Alikuwa ameniamkia mlangoni, "Shikamoo mama," na mimi kwetu shikamoo hatunayo, nilimjibu "ndiyo." Alikula moja, akala ya pili. Akaifikiria. Kisha akauliza kwa heshima zote, "Samahani mama, hizi unauza?"

Watu wakaacha kutafuna. Hata wa roshani wakageuka.

Rafiki yangu akamwambia, "Wewe kijana, mama yako alikuzaa kwa mlango? Hapa ni matanga."

"Nimeuliza tu, mama. Kule kazini kwetu wangezigombania."

"Uliza maiti ikishapoa. Toka nje ukapigwe na upepo."

"Nauza," nikasema.

Rafiki yangu akanigeukia. "Dada. Si leo."

"Leo. Nauza. Wangapi wako hapo kazini kwako?"

Kijana hakujua atazame wapi. Akasema kwa sauti ndogo, "Wengi, mama."

"Njoo Jumatano ijayo uchukue."

Watu walinisema. Wako waliosema nimemuuza mwanangu kwenye matanga yake. Yupo mama mmoja wa Hässelby ambaye mpaka leo akiniona ng'ambo ya barabara anaangalia madirisha ya maduka. Sijamfuata kumweleza. Lakini hapa nitasema mara moja. Tangu nifike nchi hii nilikuwa na kazi moja iliyoniamsha, nayo haikuwa deki. Ilikuwa kumpikia mtoto. Kama nisingesema nauza, wiki ile nisingekuwa na sababu ya kuloweka utomvu, na nisingeloweka, nisingeamka. Nawajua wanawake waliolala namna hiyo. Mmoja alikuwa mama yangu. Mimi sikutaka kulala. Anayeona ni vibaya, yeye labda alikuwa na watoto wengine.

Jumatano kijana alikuja. Alikuja na kofia mkononi, akaomba radhi, nikamwambia aache ujinga abebe sanduku. Wiki iliyofuata akaja na rafiki yake. Mjane akawa ndiye anayenisomea karatasi za serikali na kuniandikia majibu, na tulipoanza kuwachosha majirani yeye ndiye aliyenitafutia chumba cha chini ya ardhi kule Hässelby, kilichokuwa stoo ya fundi rangi. Nilikitengeneza mwenyewe. Niliziba unyevu, nikaweka mabomba ya joto pande zote nne, nikachonga rafu, na mbele nikafungua duka dogo. Arlanda niliendelea miaka miwili zaidi, asubuhi deki, mchana pua, kisha nikaacha. Siku ya mwisho niliomba nisipangiwe upande wa wanaowasili.

Wabelgiji wa mjini walinisikia wakaja. Mzee mmoja alikula, akafumba macho, akaniuliza nani kanifundisha, halafu kabla sijajibu akaanza kunieleza kwamba aliyeianzisha ni padri. Nikamwambia, "Wewe ni wa upande wa Kifaransa." Akashangaa nimejuaje. Wa Ghent naye akija ni mwuza dawa, mwuza dawa. Nimewaacha wagombane dukani kwangu kama walivyogombana barazani. Mimi nawauliza kitu kimoja tu, utomvu unatoka wapi, na hapo wananyamaza wote.

Mwaka 1989 nilikwenda Bujumbura. Mdogo wangu alinipeleka makaburini. Msalaba ulikuwa wa mbao, jina limefifia. Tulipanda maua, tukakaa chini.

Nikamuuliza, "Alikuwa akinitaja?"

Akasema, "Kila siku. Aliwaambia wenzake shuleni kwamba mama yake Ulaya anapika pua. Wakamwita mwongo. Alipigana na mmoja, akachaniwa sare."

"Na ladha alikuwa anaikumbuka?"

Mdogo wangu akaanza kung'oa majani pembeni ya msalaba. Nilimwambia sikusafiri kote huko kudanganywa.

Akasema, "Hapana, dada. Ladha alisahau. Aliniuliza mimi ikoje, na mimi nilikuwa sijawahi kula. Nikamwambia ni tamu."

Nimeishi na jibu hilo. Si jibu baya. Lakini kila nikimimina shira ndani ya mashimo nasikia mtu anamuuliza mtu asiyejua.

Mjane wa ghorofa ya kwanza alifariki akiwa mzee sana, na nilimwosha mimi na wauguzi wawili. Rafiki yangu Mganda alirudi kwao. Kijana wa Tanzania ana watoto wakubwa. Wakija dukani wananijibu Kiswidi nikiwasemesha Kiswahili, na mimi siwapi pua mpaka waseme vizuri.

Leo nina karakana Hässelby, ya kwangu, imeandikwa jina langu. Nina chumba cha kukaushia kinachoingia trei mia moja. Nina sufuria mbili za shaba na moja ya chuma. Nina mashine ya kumimina, siitumii sana, haina mkono. Nina gari la mizigo la kijivu. Nina nyumba ya vyumba viwili Märsta, ile ile, niliinunua. Nina nyumba ya matofali Bukavu, anakaa mdogo wangu na mumewe tangu walipohama Bujumbura. Nina msalaba wa jiwe Bujumbura. Ardhi uliposimama ni ya mji. Mume sina, mtoto sina. Nina meza ya mninga, viti sita, na redio inayoshika Kiswahili mawingu yakiwa machache.